Fainali Nne, Kombe Moja: Georgetown katika Mashindano ya Machi

Februari 1975, katika ukumbi wa McDonough jijini Washington, wimbo wa taifa wa Marekani ulikuwa ukipigwa kabla ya mechi ya mpira wa kikapu pale shuka lilipoteremshwa kutoka dirishani. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Maandishi yale yalimtukana kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown kwa weusi wake na kudai aondoke. Kocha huyo alikuwa John Thompson, mtoto wa jiji hilohilo, na timu yake ilikuwa imepoteza mechi sita mfululizo.

Mwezi uliofuata timu hiyohiyo ilikuwa ndani ya mashindano ya taifa ya vyuo, mahali ambapo Georgetown haikuwa imekanyaga kwa miaka 32. Wengi huanzia hapo kusimulia historia ya chuo hiki katika mashindano ya Machi. Lakini mti una mizizi, na mizizi ya mti huu imekwenda chini zaidi ya Thompson.

Georgetown ni chuo cha Wajesuiti, kiliasisiwa mwaka 1789 na John Carroll kwenye kilima kinachotazama Mto Potomac. Wanamichezo wake huitwa Hoyas, jina lililotokana na kibwagizo cha mashabiki cha zamani kinachochanganya Kigiriki na Kilatini, ambacho kwa Kiswahili kingekuwa kama kusema, “Mawe gani haya!” Timu ya kikapu ilianza kushindana mwaka 1907. Mashindano ya taifa hayakuwapo bado. Yalikuja mwaka 1938, yale ya mwaliko yanayojulikana kama NIT, na mwaka mmoja baadaye yakafuata yale ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, yakiwa na timu nane tu. Utaratibu wake ulikuwa wa mtoano, na hadi leo haujabadilika: ukifungwa leo, kesho unafungasha virago. Hakuna mechi ya marudiano, na hakuna kujitetea kwamba msimu mzima ulikuwa ukishinda.

Mwaka 1943, dunia ikiwa vitani na vijana wakiitwa jeshini, kocha Elmer Ripley aliipeleka Georgetown kwenye mashindano ya NCAA kwa mara ya kwanza. Waliwafunga New York University 55 kwa 36, kisha wakakutana na DePaul yenye jitu lake George Mikan, ambaye baadaye angekuwa nyota mkubwa wa kwanza wa ligi ya kulipwa. Kipindi cha pili Mikan alikabidhiwa mchezaji wa akiba aitwaye Henry Hyde, naye akamganda kama kupe: jitu lile likapata pointi moja tu hadi kipenga cha mwisho. Georgetown ikashinda 53 kwa 49. Miaka mingi baadaye Hyde alikuja kuwa mbunge mashuhuri wa Illinois. Fainali ilichezwa Madison Square Garden, New York, dhidi ya Wyoming ya Kenny Sailors, mmoja wa watu wa kwanza kurusha mpira wakiwa wameruka hewani. Wyoming ilishinda 46 kwa 34. Baada ya hapo vita viliifunga timu kwa misimu miwili mizima.

Kilichofuata ni kiangazi kirefu. Georgetown ilialikwa NIT mwaka 1953 na ikatoka mapema. Ikaalikwa tena 1970, ikatolewa na Louisiana State ya Pete Maravich kwa pointi moja, 83 kwa 82. Msimu wa 1971/72 ilishinda mechi tatu na kupoteza 23. Chuo kikaamua kutafuta mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili. Baba yake John Thompson alikuwa kibarua asiyejua kusoma wala kuandika. Mama yake, Anna, alikuwa na cheti cha ualimu lakini alifanya kazi za usafi katika nyumba za watu, kwa kuwa milango mingi ilikuwa imefungwa kwa watu weusi. Thompson mwenyewe alisumbuliwa na macho utotoni, akashindwa kusoma vizuri, na shule ikamhesabu kuwa mzito wa akili. Kikapu kilimfikisha Chuo cha Providence, kisha Boston Celtics, ambako alikaa benchi nyuma ya Bill Russell na kupata mataji mawili ya ligi ya kulipwa, NBA. Akarudi Washington kufundisha shule ya sekondari ya St. Anthony. Machi 13, 1972, Georgetown ilimkabidhi timu, naye akaja na vijana kadhaa wa shule hiyo.

Pamoja na wachezaji, alikuja na Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa. Kazi ya mama huyu ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji, naye alikaa kwenye benchi la timu wakati wa mechi. Ofisini kwake Thompson aliweka mpira wa kikapu usio na upepo. Kijana aliyeingia kuongea naye aliukuta pale umenywea, na alielewa somo bila kuambiwa: upepo wa mpira una mwisho, na siku ukiisha utabaki na kile ulichokiweka kichwani.

Basi, turudi kwenye shuka la 1975. Baada ya siku ile timu iliinuka. Katika mechi ya kuamua nani aende NCAA, Derrick Jackson alifunga sekunde za mwisho na Georgetown ikaipita West Virginia 62 kwa 61. Safari yenyewe ilikuwa fupi, maana Central Michigan iliwatoa 77 kwa 75. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1979 vyuo vya kaskazini-mashariki viliunda ligi ya Big East, Georgetown ikiwamo, na mechi zao zikaanza kuonekana kwenye televisheni kila wiki. Mwaka 1980 vijana wa Thompson walikuwa hatua moja tu kabla ya nusu fainali ya taifa. Iowa ikawafunga 81 kwa 80.

Mwaka 1981 aliwasili kijana aitwaye Patrick Ewing, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyehamia Massachusetts akiwa mdogo. Akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tu, aliifikisha Georgetown fainali ya NCAA ya Machi 29, 1982. Thompson aliwalaza vijana wake Biloxi, mji wa jimbo jirani la Mississippi, mbali na kelele za New Orleans. Waandishi wa habari walilalamika sana kwamba kocha huyu anawaficha wachezaji. Naye hakuwajali. Walipomuuliza anajionaje kuwa mtu mweusi wa kwanza kufikisha timu mahali pale, alikasirika. Alisema swali hilo linadhania kwamba kabla yake hapakuwa na mtu mweusi mwenye uwezo, ilhali walichonyimwa ni nafasi.

Watu 61,612 walijaa uwanja wa Superdome usiku ule. Wapinzani walikuwa North Carolina ya kocha Dean Smith, rafiki mkubwa wa Thompson. Mechi ilipoanza, Ewing aliruka na kuupangua kila mpira uliokaribia kikapu, hata ile iliyokuwa tayari inashuka, ambayo kwa sheria huhesabiwa kuwa imeingia. Pointi nane za kwanza za North Carolina zilipatikana hivyo, bila hata mpira mmoja kupita wavuni. Ewing alikuwa anatuma salamu: hapa hapapitiki. Alimaliza na pointi 23.

Hadi dakika ya mwisho hakuna timu iliyoweza kuikimbia nyingine. Georgetown ilikuwa mbele 62 kwa 61. North Carolina ikazungusha mpira hadi upande wa kushoto, mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan. Akaruka, akaachia, ukaingia: 63 kwa 62, zikiwa zimesalia kama sekunde 15.

Georgetown ilikuwa na muda wa kutosha kurusha mpira mmoja mzuri. Mchezeshaji wake, Fred Brown, aliusukuma mpira mbele, akasimama, akatafuta mwenzake. Pembeni ya jicho aliona mtu. Akampa pasi. Mtu yule alikuwa James Worthy, mchezaji wa North Carolina. Worthy mwenyewe alionekana kushangaa kwanza, kisha akatimka na mpira. Alichezewa rafu, akakosa mitupo yote miwili ya adhabu, lakini hazikusalia sekunde za kurekebisha chochote. Mtupo wa mbali wa Sleepy Floyd ulianguka kabla ya kukifikia kikapu.

Mamilioni ya watu waliona kosa lile. Kisha wakaona jambo la pili: Thompson, lile jitu lenye taulo jeupe begani, alimfuata Brown, akamkumbatia, kama baba anavyomshika mtoto aliyevunja chungu mbele ya wageni.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 1984 Georgetown nusura itolewe mapema: Southern Methodist iliwabana hadi Ewing alipourudisha kikapuni mpira uliokuwa umekataa, wakapona 37 kwa 36. Nusu fainali ilichezwa Seattle dhidi ya Kentucky, timu yenye majitu na mataji. Kentucky iliongoza hadi mapumziko. Kipindi cha pili ikarusha mipira 33, ikaingia mitatu. Mitatu tu. Aliyetaka kujua ulinzi wa Thompson ulikuwa wa namna gani hakuhitaji maelezo mengine. Matokeo yakawa 53 kwa 40.

Aprili 2, 1984, fainali iliwakutanisha wachezaji wawili warefu waliozaliwa nje ya Marekani: Ewing wa Kingston na Hakeem Olajuwon wa Lagos, nyota wa Houston. Wengi walitarajia vita vya wawili hao. Thompson alikuwa na hazina kubwa zaidi kwenye benchi, na kijana wa mwaka wa kwanza, Reggie Williams, akafunga pointi 19. Georgetown 84, Houston 75. Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NCAA wa daraja la kwanza. Sekunde za mwisho zikihesabiwa, alimkumbatia tena mchezaji yuleyule, Fred Brown, ambaye safari hii alikuwa anaaga chuo akiwa bingwa. Mwenye pasi ya 1982 ndiye mwenye picha ya 1984.

Msimu wa 1985 Georgetown ilikuwa kali kuliko hata mwaka wa kombe. Ilifika fainali ikiwa imepoteza mechi mbili tu, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano kuwa na timu 64. Mpinzani, Villanova, alitoka ligi yao ya Big East, alikuwa amefungwa nao mara mbili msimu uleule, na alipangwa namba 8 kwa ubora katika kanda yake. Ilionekana kama karamu iliyokwisha kupakuliwa.

Lakini mashindano yale hayakuwa na saa ya kuilazimisha timu irushe mpira ndani ya muda fulani. Villanova ya kocha Rollie Massimino ikakaa na mpira, ikapiga pasi baada ya pasi, ikasubiri hadi nafasi iwe wazi kabisa. Usiku ule wa Aprili 1 mjini Lexington walirusha mipira 28 na kuingiza 22. Kipindi chote cha pili walikosa mmoja tu. Hata hivyo Georgetown haikuachwa mbali. Ilifungwa 66 kwa 64. Hadi leo hakuna timu iliyopangwa chini kuliko namba 8 iliyotwaa kombe hilo. Msimu uliofuata saa ya sekunde 45 ikawekwa kwa vyuo vyote. Villanova walipokuwa wakipewa tuzo zao, vijana wa Georgetown walibaki uwanjani wakiwapigia makofi. Ewing aliondoka chuoni na fainali tatu katika miaka minne, na kombe moja.

Baada ya Ewing wakaja warefu wengine wawili. Alonzo Mourning alifika 1988 na sifa zote za nyota. Dikembe Mutombo alikuwa ametangulia mwaka mmoja kutoka Kinshasa, kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akinuia kuwa daktari. Alizungumza lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, lakini Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Thompson alipomwona mtu wa mita 2.18 akitembea katika eneo la chuo, hakumwacha apite. Januari 1989, katika mechi moja dhidi ya St. John's, Mutombo alizuia mitupo 12.

Mwezi huohuo Thompson alitoka nje ya uwanja kabla mechi na Boston College haijaanza. Alikuwa anapinga kanuni mpya ya NCAA iliyowanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama fulani za mitihani. Aliona wazi ingewaangukia nani: watoto maskini, wengi wao weusi, waliosoma shule mbovu kama alivyosoma yeye. Kelele zile zilichangia kanuni hiyo kulegezwa.

Machi 1989 Georgetown, iliyopangwa namba 1, ilikutana na Princeton, namba 16. Princeton ya kocha Pete Carril ilicheza taratibu kama mzee anayesokota kamba, ikawa mbele kwa pointi nane hadi mapumziko. Georgetown iliponea chupuchupu, 50 kwa 49, Mourning akizuia mipira ya sekunde za mwisho. Wakati huo palikuwa na maneno ya kuviondolea vyuo vya ligi ndogo nafasi zao. Baada ya usiku ule maneno hayo yalikosa nguvu. Georgetown yenyewe ilisonga hadi kwa Duke, ikatolewa hatua moja kabla ya nusu fainali. Mutombo alimaliza mwaka 1991 kwa kutolewa na UNLV, mabingwa watetezi, na akaondoka na shahada ya isimu na diplomasia.

Allen Iverson alikuja kwa njia ya machozi. Kijana huyu wa Virginia alikuwa amefungwa jela kwa ugomvi uliotokea katika ukumbi wa michezo, kesi ambayo rufaa ilikuja kuifuta. Vyuo vingi vilimkimbia. Mama yake alikwenda kwa Thompson kumwomba amchukue mwanawe, na Thompson akamchukua. Mwaka 1996 Iverson aliifikisha timu robo fainali ya taifa, ambako Massachusetts iliwachapa 86 kwa 62. Akaenda NBA baada ya miaka miwili tu, mchezaji wa kwanza wa Thompson kuondoka kabla ya kuhitimu. Januari 1999 Thompson mwenyewe akaachia ngazi.

Mwanawe, John Thompson III, alikabidhiwa timu mwaka 2004. Machi 2007 alikutana na North Carolina, wale wale wa 1982, robo karne baadaye. Kwenye benchi lake alikuwapo Patrick Ewing mdogo, mwana wa Ewing. Georgetown ilikuwa nyuma kwa pointi 10 kipindi cha pili. Jonathan Wallace akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu, na katika muda wa nyongeza Georgetown ikafunga 15 dhidi ya 3. Matokeo: 96 kwa 84. Nusu fainali ikawashinda mbele ya Ohio State, 67 kwa 60. Mwaka huohuo, Kinshasa, hospitali aliyoijenga Mutombo kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ilifunguliwa. Mama huyo alifariki 1997, vurugu zilipozuia afikishwe kwa daktari.

Tangu hapo Machi imekuwa chungu kwa Georgetown. Mwaka 2008 iliongoza kwa pointi 17 dhidi ya Davidson, chuo kidogo chenye kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Curry akafunga 30, Davidson ikashinda. Mwaka 2013, ikiwa namba 2, ilifungwa na Florida Gulf Coast, namba 15. Mwaka 2017 chuo kikamfuta kazi Thompson III na kumwita Ewing mwenyewe.

John Thompson mzee alifariki Agosti 30, 2020. Msimu uliofuata Georgetown ilitabiriwa kuburuta mkia Big East. Machi 2021, katika Madison Square Garden, jengo ambalo jezi yake imetundikwa darini, Ewing alilalamika kwamba walinzi walikuwa wakimsimamisha kumuuliza kibali. Siku mbili baadaye alibeba kombe la ligi kwa kuifunga Creighton 73 kwa 48. Ilikuwa Machi 13, miaka 49 kamili tangu Thompson aajiriwe. Safari ya NCAA iliishia kwa Colorado raundi ya kwanza, misimu miwili mibaya ikafuata, na mwaka 2023 Ewing naye akaondolewa. Mutombo alifariki Septemba 2024.

Mwenye kuhesabu makombe ataona fainali nne na ushindi mmoja, ataona pointi moja ya 1982 na mbili za 1985, na atasema Georgetown inaidai Machi. Hesabu yake ni sahihi. Lakini mwenye mpira ule usio na upepo alikuwa na daftari lake. Kwa miaka 27 ya Thompson, wachezaji waliokaa naye miaka yote minne walikuwa 78. Waliopata shahada ni 76.